Vanilini: molekuli moja, asili nyingi

Kwenye kila kilo 100 za vanilini zinazouzwa duniani, zilizotoka kwenye ganda la vanila hazifiki hata kilo moja. Zilizobaki zimeanzia kwenye mafuta ya petroli, kwenye masalia ya viwanda vya karatasi, kwenye karafuu au kwenye pumba za mpunga. Ndiyo harufu iliyomo kwenye aiskrimu, biskuti, chokoleti, dawa za maji za watoto, manukato ya bei mbaya na sabuni za kuogea. Wengi tumeizoea tangu utotoni bila kuona ua wala tunda la mmea wenyewe.

Hapo ndipo mabishano huanza. Mmoja atakwambia vanilini ya kiwandani ni "kemikali", ya asili ndiyo salama. Mwingine atajibu kwamba molekuli ni molekuli, kwa hiyo anayenunua vanila ya bei ghali anatupa pesa. Kila mmoja ameshika nusu ya jambo. Wa kwanza anachanganya kitu na mahali kilikotoka; wa pili anachanganya vanilini na vanila.

Tuanze na molekuli yenyewe. Vanilini ni kampaundi ndogo: atomi 8 za kaboni, 8 za haidrojeni na 3 za oksijeni. Kaboni sita zimejipanga kuwa pete, ile inayoitwa pete ya benzini, na kwenye pete hiyo vimening'inia vikundi vitatu. Kimoja ni aldehaidi, yaani kaboni iliyobeba oksijeni moja na haidrojeni moja. Ng'ambo yake, upande wa pili wa pete, kipo haidroksili, yaani oksijeni na haidrojeni. Pembeni mwa haidroksili kipo methoksi, oksijeni iliyobeba kaboni moja yenye haidrojeni tatu. Vanilini ikikauka vizuri inakuwa unga mweupe wa fuwele zenye umbo la sindano, unaoyeyuka kwenye nyuzi 81 hadi 83 za Selsiasi.

Mpangilio huo ndio unaoamua harufu. Haidroksili na methoksi zikibadilishana nafasi unapata isovanilini, yenye atomi zilezile kwa idadi ileile, lakini ile harufu ya vanila inakuwa imepotea karibu yote. Ukirefusha methoksi kwa kaboni moja unapata ethili-vanilini, ambayo pua huisikia kwa nguvu mara mbili hadi nne zaidi, na ndiyo maana viwanda vya biskuti vinaipenda: kiasi kidogo kinafanya kazi kubwa.

Kipande hicho cha pete chenye haidroksili na methoksi kina ndugu wengi. Kimo kwenye eujenoli ya karafuu, kwenye jinjeroli ya tangawizi, na hata kwenye kapsaisini, ile inayowasha kwenye pilipili. Tofauti kubwa ni kwamba kapsaisini imeungwa mkia mrefu, na vanilini haina mkia huo. Kipokezi cha neva kinachoitikia kapsaisini kilitambuliwa na maabara ya David Julius mwaka 1997, kikapewa jina la kipokezi cha vaniloidi kwa sababu ya undugu huu, na utafiti huo ulimpatia Julius sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Nani angedhani kwamba kinachonukia kwenye aiskrimu na kinachochoma ulimi kwenye pilipili vina babu mmoja wa kikemia?

Ganda ambalo halinukii

Vanila ni okidi, mmea wa kutambaa wenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati. Ua lake hufunguka asubuhi moja tu. Lisipochavushwa siku hiyo linanyauka na kudondoka. Wazungu waliupeleka mmea kwenye makoloni yao ya tropiki, ukastawi, ukatoa maua, lakini haukuzaa, kwa sababu wadudu wanaolichavusha ua lile hawakuwapo huko. Njia inayotumiwa hadi leo iligunduliwa mwaka 1841 kwenye kisiwa cha Bourbon, ambacho sasa ni Réunion, na mtoto wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa, Edmond Albius. Alitumia kijiti chembamba kuinua kiwambo kinachotenganisha chavua na stigma, sehemu ya ua inayopokea chavua, kisha akavigusanisha kwa kidole gumba. Kazi ya sekunde chache. Utumwa ulipofutwa kisiwani mwaka 1848 Albius akawa huru, lakini alikufa maskini mwaka 1880, huku mashamba yakitajirika kwa mbinu yake. Madagaska, inayoongoza dunia kwa vanila, bado inachavusha ua moja moja kwa mkono.

Ganda linalokomaa juu ya mmea kwa miezi kama minane au tisa huvunwa likiwa la kijani, na ukilinusa hutasikia vanila. Vanilini imo, lakini imefungwa kwenye glukosi, na molekuli iliyofungwa kwenye sukari hairuki hewani kuifikia pua. Kimeng'enya cha kuikata hiyo sukari kipo ndani ya ganda hilohilo, ila kimetengwa mahali pake. Kazi yote ya baada ya mavuno ni kuvunja kuta zinazovitenganisha hivi viwili na kuviacha vikutane taratibu. Maganda huchovywa kwenye maji ya moto ya nyuzi kama 60 hadi 65 kwa dakika chache, yakafa. Kisha hufunikwa kwa mablanketi yakiwa na joto lake ili yatoe jasho, huanikwa juani kwa saa chache kila siku, na mwishowe hukaa kwenye masanduku kwa miezi. Kilo tano au sita za maganda mabichi hutoa kilo moja ya maganda meusi yanayopindika kama ngozi. Na ndani ya kilo hiyo, vanilini ni karibu asilimia 2 tu.

Kuna jambo dogo linalowapa hofu wanunuzi wapya. Ganda bora likikaa muda mrefu, wakati mwingine hufunikwa na utando mweupe. Wengine hulitupa wakidhani ni ukungu. Lisogeze dirishani: ukungu ni wa kufifia, una manyoya na harufu ya unyevu, vanilini iliyojitokeza juu ya ganda ni sindano nyembamba zinazometameta ukiligeuza, na harufu yake inakufikia kabla hujaliinamia. Aliyetupa ganda la namna hiyo ametupa vanilini safi kabisa.

Hiyo asilimia 2 inatueleza pia kwa nini bei zinatofautiana kiasi kinachotisha. Baada ya kimbunga Enawo kuipiga Madagaska Machi 2017, soko lililokuwa tayari limepanda likazidi kuchemka, na mwaka 2018 kilo ya maganda ilipita dola 500. Kwa bei hiyo, kupata kilo moja ya vanilini unahitaji maganda ya kilo 50, yaani dola 25,000. Kilo moja ya vanilini ya kiwandani huuzwa kwa dola kumi na kitu. Bei ya maganda imeshashuka sana tangu hapo, lakini pengo bado ni pana mno, na panapokuwa na pengo la namna hiyo, wadanganyifu hawakosekani.

Lakini ganda halina vanilini peke yake. Wakemia wametambua kampaundi zaidi ya 200 ndani ya vanila iliyokaushwa vizuri: para-haidroksibenzaldehaidi, asidi ya vanili, guayakoli yenye harufu ya moshi, na nyingine nyingi ambazo zimo kwa kiasi kidogo sana lakini pua inazisikia. Vanilini ni ngoma kuu inayobeba wimbo. Ukiipiga peke yake kila mtu anautambua wimbo, ila anayeufahamu vizuri anajua vyombo vingine havipo. Kwa hiyo yule anayesema molekuli ni molekuli yuko sahihi kuhusu vanilini na amekosea kuhusu vanila. Krimu baridi yenye maziwa tu na sukari huonyesha tofauti hiyo waziwazi. Keki iliyokaa kwenye tanuri la nyuzi 180 ni habari nyingine, kwani sehemu ya zile harufu nyepesi hupotea na mvuke. Mimi nisingepoteza ganda zuri kwenye keki ya chokoleti.

Kutoka msonobari hadi petroli

Mfaransa Nicolas-Théodore Gobley alitenga vanilini safi kutoka kwenye vanila mwaka 1858. Mwaka 1874 Wajerumani Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann walibaini muundo wake na wakaitengeneza kutoka kwenye koniferini, kampaundi inayopatikana kwenye utomvu ulio chini ya gome la misonobari. Haarmann alifungua kiwanda Holzminden, na hapo ndipo biashara ya harufu za kutengenezwa ilipoanza kushika kasi. Punde Karl Reimer akaonyesha njia ya kuanzia kwenye guayakoli, na baadaye eujenoli ya mafuta ya karafuu ikawa malighafi kuu kwa miaka mingi, kwa sababu inakaribia kuwa vanilini tayari: inahitaji mkia wake tu kukatwa kwa kuongezewa oksijeni.

Watengenezaji wa manukato hawakuchelewa. Jicky ya Guerlain, iliyotoka mwaka 1889, ilitumia vanilini ya kutengenezwa, na inatajwa kati ya manukato ya kwanza kuchanganya mafuta ya mimea na kampaundi za maabara bila aibu. Wanaofanya kazi na vanilini kwenye vipodozi wanajua pia ukorofi wake: sabuni nyeupe iliyotiwa vanilini hugeuka rangi ya kahawia ndani ya wiki chache. Haijaharibika. Ni aldehaidi na haidroksili ya kwenye pete zinaitikia hewa, mwanga na ualkali wa sabuni. Ukiona sabuni ya vanila iliyo nyeupe pepe baada ya miezi, ujue harufu yake imejengwa kwa kitu kingine au kuna kizuizi kilichoongezwa.

Kuanzia miaka ya 1930 ikaja zamu ya lignini. Hii ndiyo gundi inayoshikilia nyuzi za mti na kuufanya usimame. Viwanda vya karatasi vinaihitaji itoke, na maji machafu yaliyobaki baada ya kuiyeyusha kwa kemikali za salfaiti yalikuwa yakimwagwa mitoni. Ikagundulika kwamba lignini hiyo ikipashwa joto kwenye ualkali pamoja na hewa, sehemu yake huvunjika na kutoa vanilini. Taka ikawa ladha. Kufikia mwaka 1981 kiwanda kimoja huko Thorold, Ontario, nchini Kanada, kilikuwa kikitoa asilimia 60 ya vanilini ya dunia nzima. Njia hiyo ilikuwa na uchafu wake mwenyewe, viwanda vingi vya karatasi vikabadili teknolojia, na leo jina kubwa lililobaki kwenye vanilini ya mbao ni Borregaard ya Norwe. Vitabu vya zamani vinavyonukia utamu hafifu, na pombe kali zilizokomaa kwenye mapipa ya mwaloni, vinadokeza jambo lilelile: lignini inavunjika polepole yenyewe, na kati ya vipande vyake imo vanilini.

Sehemu kubwa ya vanilini ya leo inaanzia kwenye petroli. Petroli inatoa benzini, benzini inageuzwa fenoli, fenoli inakuwa katekoli, katekoli inakuwa guayakoli. Guayakoli inaunganishwa na asidi ya glaioksili, kisha kiunganisho hicho kinaongezewa oksijeni na kupoteza kaboni dayoksaidi. Kinachobaki ni vanilini. Ni njia safi kuliko ile ya lignini, na bei yake haina mpinzani.

Kisha kuna njia ya katikati, inayochanganya wengi zaidi. Pumba za mpunga zina asidi ya feruli, na baadhi ya bakteria huila na kutoa vanilini. Hakuna ganda la vanila lililoguswa. Hata hivyo, kwa sheria za Ulaya na Marekani, vanilini hiyo inaweza kuitwa ya asili, kwa sababu malighafi ni mmea na kazi imefanywa na viumbe hai. Bei yake iko mbali juu ya ile ya petroli na mbali chini ya ile ya ganda. Mnunuzi anayesoma "ladha asilia" kwenye pakiti na kuwaza ua la okidi, mara nyingi anachokula kilianza kama pumba.

Kusoma cheti cha kuzaliwa cha kaboni

Kama molekuli ni ileile, mkaguzi atajuaje ni ipi? Hapa ndipo kemia inapopendeza. Kaboni ina aina nzito kidogo, kaboni-13, ambayo ni karibu asilimia 1 ya kaboni yote. Mimea haiibebi kwa uwiano sawa. Mpunga, karafuu na misonobari hufyonza kaboni dayoksaidi mchana kwa njia ya kawaida, na kimeng'enya kinachohusika kinaikwepa kaboni-13 kwa kiasi kikubwa. Vanila hufungua vitundu vya majani yake usiku, kama mimea mingi inayobana maji, na huipokea hewa hiyo kwa kimeng'enya kingine kisichochagua sana. Kwa hiyo vanilini ya ganda ina kaboni-13 nyingi kidogo kuliko ya mbao, ya karafuu au ya petroli. Tofauti ni sehemu chache kwa kila elfu, lakini spektromita ya masi, mashine inayotenganisha atomi na molekuli kwa uzito wake, inaiona bila shida.

Kwa petroli kuna kipimo cha moja kwa moja zaidi. Kiumbe hai hupokea kaboni-14 kutoka hewani, nayo hupungua kwa nusu kila miaka kama 5,730. Petroli imelala ardhini mamilioni ya miaka, kwa hiyo haina kaboni-14 yoyote iliyobaki. Vanilini isiyo na kaboni-14 haikutoka kwenye mmea uliokuwa hai juzi, hata muuzaji aape vipi.

Wadanganyifu nao walisoma kemia. Walipojua wanapimwa kwa kaboni-13, walichukua vanilini ya bei rahisi na kuichanganya na kiasi kidogo cha vanilini iliyotengenezwa makusudi ikiwa na kaboni-13 nyingi kwenye kikundi cha methoksi. Wastani wa jumla ukafanana na wa ganda. Maabara zikajibu kwa kukikata kile kikundi na kukipima peke yake: kaboni moja iliyo nzito kupita kiasi, huku saba zilizobaki zikiwa nyepesi, ni saini ambayo hakuna mmea unaoiandika. Baadaye ikaja mbinu ya kupima haidrojeni nzito kwenye kila nafasi ya molekuli kwa mwangwi wa sumaku wa viini, na udanganyifu wa namna hiyo ukawa ghali kuliko faida yake. Kuna pia ukaguzi wa kawaida usiohitaji mashine za bei hiyo, wa kulinganisha vanilini na zile kampaundi zinazofuatana nayo kwenye ganda. Vanilini ikiwa nyingi mno ukilinganisha na para-haidroksibenzaldehaidi, mtu amemwaga unga. Ikionekana ethili-vanilini kwenye dondoo linalouzwa kama vanila tupu, hakuna haja ya kuendelea kupima.

Lebo na afya

Nchini Marekani, dondoo la vanila lina kipimo chake kisheria: alkoholi isiyopungua asilimia 35, na maganda ya karibu gramu 100 kwa kila lita. Umoja wa Ulaya, kupitia kanuni namba 1334 ya mwaka 2008, unataka ladha inayoitwa "ladha asilia ya vanila" iwe imetoka kwenye vanila yenyewe kwa angalau asilimia 95. Ikiandikwa "ladha asilia" bila kutaja vanila, mlango uko wazi kwa pumba na bakteria. Ikiandikwa "ladha" tu, au "vanilini", hakuna ahadi yoyote ya chanzo. Maneno hayo yanafanana sana kwa msomaji aliye na haraka, na sidhani kama ni bahati mbaya.

Kuhusu usalama, jibu linategemea molekuli, na molekuli ni moja. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO na WHO imeweka kiwango kinachokubalika cha hadi miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mtu mzima wa kilo 60 angelazimika kula miligramu 600 kila siku kukifikia, na ladha yenyewe ingemshinda mapema, maana vanilini ikizidi huwa chungu. Mwili hauulizi ilitoka kwenye petroli au okidi. Kinachostahili wasiwasi ni kinachoandamana nayo. Baadhi ya "vanila" za bei ya kutupa zimewahi kuchanganywa na dondoo la maharage ya tonka, yenye kumarini, ambayo kwa wingi huweza kudhuru ini. Marekani iliizuia kumarini kwenye vyakula mwaka 1954. Hapo shida ni kwamba si vanilini, na wala haijalishi kwamba tonka ni mmea wa asili kabisa. Na ile hadithi ya mtandaoni kwamba vanila ya dukani hutolewa kwenye tezi za mnyama aitwaye biva? Dutu hiyo ipo na iliwahi kutumika kidogo kwenye ladha na manukato, lakini ni adimu na ghali mno kushindana na unga wa dola kumi na kitu.

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walichukua asidi ya tereftali, inayopatikana chupa za plastiki zikivunjwavunjwa, wakailisha kwa bakteria aina ya E. coli waliobadilishwa vinasaba, na bakteria wakaigeuza kuwa vanilini. Haijafika sokoni. Ikifika, itakuwa imetengenezwa na kiumbe hai, lakini chupa ilitokana na petroli, kwa hiyo kanuni ya Ulaya haitairuhusu kuitwa ya asili, na kipimo cha kaboni-14 kitaisogeza kwenye kundi la vanilini ya petroli iliyopitia guayakoli, ingawa yenyewe haikugusana na guayakoli popote.